Magitaa Manne Nyuma ya Pazia

Mume wa dada yangu alikuwa mkaguzi wa shule kwa miaka ishirini na saba, na kazi ile ilimwingia mwilini kama unyevu unavyoingia ukutani. Alistaafu, lakini ukaguzi haukustaafu. Chai ya dada yangu ilipata sita kwa kumi. Hotuba ya maziko ya jirani yetu ilipata nne, "kwa kukosa mpangilio." Mtaani walimwita Alama, naye akadhani wanamheshimu.

Mimi ni fundi wa magitaa ya pedali. Wengi hawajawahi kuliona gitaa hilo, kwa hiyo nieleze upesi. Halibebwi. Linalazwa juu ya miguu minne, jembamba kama meza ya kupigia pasi, na mpigaji anakaa nyuma yake kwenye kiti. Mkono wa kulia unadonoa nyuzi kumi, wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi hizo, huku miguu ikikanyaga pedali na magoti yakisukuma nyenzo zinazoning'inia chini. Pedali na nyenzo zinavuta nyuzi kwa fimbo nyembamba, na sauti inapanda na kushuka bila kukatika, kama mtu anayelia huku anajizuia. Ukilipiga vizuri, watu wanatokwa machozi. Ukilipiga vibaya, pia.

Shemeji alilipiga vibaya. Lakini alikuwa mjanja kiasi cha kutolipiga mara kwa mara. Yeye alichagua kazi rahisi zaidi, kazi ya kujua.

Chama chetu kilikuwa na watu kumi na wanne, tukikutana kila Jumamosi alasiri kwenye ukumbi mdogo juu ya duka la kinyozi. Kinyozi mwenyewe ndiye aliyekuwa katibu, na nywele za wateja wake zilitufuata mpaka ghorofani kwenye soli za viatu. Shemeji aliongoza kamati ya vyombo, kamati yenye mjumbe mmoja. Na humo ndani ya kamati yake alijitangazia kipaji: kwamba anaweza kusikia gitaa lolote la pedali, bila kuliona, akataja chapa yake.

Chapa zilizofika kwetu zilikuwa tatu. Halorani, ghali kuliko zote, ambayo shemeji alikuwa nayo. Brenoli, ya kinyozi. Na Tobermani, waliyokuwa nayo wengi waliobaki.

"Halorani ina mwanga," alikuwa akisema, macho ameyafumba, vidole viwili hewani. "Brenoli ina unyevu. Tobermani ina kiburi kidogo kwenye nyuzi za chini. Mtu akishindwa kusikia hayo, mimi siwezi kumsaidia."

Mimi nimezifungua zote tatu mpaka skrubu ya mwisho. Sikukuta mwanga wala kiburi. Nimekuta grisi iliyokauka, nywele za paka, na siku moja jino bandia ambalo mwenyewe hakuwahi kujitokeza. Lakini ukimwambia shemeji hivyo anakutazama kwa huruma. Tukiwa harusini, redio ikaimba mahali, anainua kidole: "Brenoli." Tunanyamaza. Nani angembishia? Raha ya kuwa bingwa wa jambo ambalo hakuna anayeweza kulihakiki ni kwamba unalala vizuri.

Ningemwacha na usingizi wake kama asingemgusa Sista.

Sista alikuwa muuguzi wa wodi ya mifupa, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, na kwa upigaji alituacha mbali sote. Hakuwa na gitaa lake. Alipiga lile alilolitengeneza mjomba wangu kwa mikono yake, enzi alipokuwa fundi mkereza kwenye karakana ya pampu za maji. Mjomba alilitengeneza kwa mbao za kabati la nguo lililovunjika na vyuma alivyokereza wakati wa mapumziko ya chakula. Lilimchukua miaka miwili. Vidole vyake vilipokauka alinipa mimi, na mimi, ambaye najua kutengeneza kuliko kupiga, nikamwazima Sista. Jumamosi ya kwanza alipolipiga, kinyozi alisimama na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa.

Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mpigaji, nane. Chombo, mbili. Moja ya jitihada na moja ya mbao."

Wiki sita kabla ya onyesho letu la mwaka, alibandika karatasi mlangoni, imepigwa chapa na kugongwa muhuri ambao sijui aliutoa wapi. Ilisema kwamba kuanzia mwaka huo vyombo visivyo na chapa inayotambulika havitaruhusiwa jukwaani, kwa kuwa vinashusha hadhi ya chama. Chama chenye hadhi hiyo kilikuwa na viti kumi na viwili kwa watu kumi na wanne.

Sista aliisoma karatasi, akachukua mkoba wake. "Basi," alisema, akaondoka kuwahi zamu.

Nilikwenda kwa mjomba na hasira zangu zote, nikitegemea angeongeza kuni. Nilimkuta barazani anakata kucha za miguu.

"Shikamoo mjomba. Shemeji amesema gitaa lako ni kabati lenye nyuzi."

"Marahaba. Kwani uongo?"

"Mjomba!"

"Lilikuwa kabati. Kabati zuri sana. Mke wangu alilia nilipolikata." Alipuliza wembe. "Huyo mume wa dada yako amelisikia?"

"Analisikia kila Jumamosi. Anasema analitambua hata akiwa amelala."

"Basi ana kazi nyepesi," alisema mjomba, akarudi kwenye kidole gumba.

Kesho yake nilikula chakula cha mchana kwa dada. Shemeji alikuwa amekaa kichwani pa meza, anaeleza kwa nini wali ulistahili saba na si nane. Nilimkatiza.

"Shemeji, lile la mjomba unalijua kwa sauti peke yake?"

"Shemeji yangu," alisema kwa upole ule unaokera kuliko tusi, "hata mbwa akibweka anajulikana ni wa nyumba gani."

"Basi Jumamosi tuweke pazia. Magitaa manne nyuma yake, Halorani yako, Brenoli ya kinyozi, Tobermani moja, na la mjomba. Sista apige wimbo uleule kwa yote, kwa spika moja. Ukiyataja yote, sisemi neno tena. Ukikosa hata moja, karatasi inatoka mlangoni."

Dada aliweka kijiko chini. "Baba watoto, usijipalie makaa."

"Makaa gani?" Alifuta mdomo. "Wakati wowote, mahali popote."

Jumamosi hiyo watu walijaa mpaka wengine wakakaa ngazini. Pazia lilikuwa shuka mbili za kinyozi, zile anazowafunga wateja shingoni, zimeunganishwa kwa pini. Shemeji alikaa kwenye kiti mbele ya shuka, miguu pamoja, kalamu na karatasi juu ya paja. Sista, ambaye nilimbembeleza kwa simu tatu ndipo akakubali, alikaa nyuma. Mimi nilichanganya magitaa, na mpangilio nikauandika kwenye kipande cha boksi nikampa kinyozi aufiche.

La kwanza lilipigwa. Shemeji alifumba macho. "Tobermani."

La pili. "La kabati."

La tatu. "Halorani. Hata bibi yangu angejua."

La nne. "Brenoli. Unyevu."

Kinyozi alifungua kipande cha boksi. Akakisoma, akanitazama, akakisoma tena. Yote manne yalikuwa sahihi.

Sijui kama umewahi kuona mtu usiyempenda akiwa na haki mbele ya umati. Makofi yalikuwa makubwa. Shemeji alisimama, akajipa kumi kwa sauti ya unyenyekevu, akanishika bega. "Usijisikie vibaya, shemeji. Fundi ana mikono. Masikio ni jambo lingine."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimefura. Jumapili sikula vizuri. Jumatatu kinyozi aliniletea Brenoli yake nibadilishe uzi uliokatika wakati wa mtihani, nikaisimamisha kwenye miguu yake karakanani, nikatoa nyuzi zote. Huku nafikiria mengine, nikakanyaga pedali ya kwanza na kuiachia.

*Tk.*

Nikakanyaga tena. *Tk.* Kila pedali iliporudi juu, kichuma fulani kiligonga kichuma kingine. Sauti ndogo, kama mtu anayebofya ulimi. Nyuzi hazikuwepo, lakini Brenoli lilikuwa linajitaja jina.

Nilikaa chini. Nikakumbuka Tobermani zote nilizowahi kufungua, ambazo ule mhimili wa pedali unasugua kwenye mguu wa mbele, *shaa, shaa*, kama kandambili. Nikakumbuka Halorani ya shemeji, ambayo wenzo wake wa goti la kulia ulikuwa unalia *kwi*, na mimi nikamwambia mara mbili aniletee niulainishe, akakataa akisema hataki mtu aguse mwanga wake. Na la mjomba? La mjomba lilikuwa kimya kabisa, kwa sababu mwezi uliotangulia nilikuwa nimelifungua mimi mwenyewe na kulipaka grisi kila mahali.

Shemeji hakuwa amesikia nyuzi hata kidogo. Alikuwa amesikia miguu na magoti ya Sista.

Niseme ukweli, nilimheshimu kwa muda wa dakika moja. Kusikia *kwi* katikati ya nyuzi kumi si jambo dogo, na mtu mwenye akili angelijenga juu ya kipaji hicho, angekuwa fundi mzuri kuliko mimi. Lakini yeye mwenyewe hakujua anachokisikia. Aliusikia mlango unalia, akausifu kwa mwanga. Dakika ile ilipokwisha nilichukua kopo la grisi.

Nilitangaza kwamba nitayahudumia magitaa yote ya chama kabla ya onyesho, kama mchango wangu. Watu walishukuru. Brenoli niliitilia vipande vya ngozi laini pale vyuma vilipogongana. Tobermani nikaikatia mhimili kwa tupa, unene wa ukucha. Halorani ilikuwa ngumu kuipata, ikabidi nimwendee dada.

"Atakasirika," dada alisema.

"Nitairudisha kabla hajaamka kutoka kwenye usingizi wa mchana."

Dada alinitazama kwa muda. Miaka thelathini ya chai ya sita kwa kumi ilipita usoni pake. "Pitia mlango wa jikoni," alisema.

Mtihani wa pili haukuwa na tabu kuuomba. Nilimwambia shemeji kwamba wapo wanachama watatu ambao hawakuwepo, na wanalia kwa kukosa. Aliposikia kwamba kuna watu wanalia, alikubali palepale. Safari hii hakuja na kalamu tu. Alikuja na maelezo aliyoyaandika nyumbani, aya nzima kwa kila chapa, ili asome baada ya kutaja.

Shuka zilitundikwa. Nilichanganya. Sista akapiga wimbo wake uleule, mfupi na wa polepole.

La kwanza lilipokwisha shemeji aliinamisha kichwa kama kuku anayesikiliza mwewe. "Rudia," alisema.

Sista akarudia.

"Rudia tena."

"Mara ya kwanza hukuomba kurudiwa," kinyozi alisema.

Shemeji alikohoa. "Tobermani," alisema, na akasoma aya ya Tobermani, kiburi na yote, lakini sauti yake ilikuwa inatafuta mahali pa kukaa.

La pili. Alikuna kidevu kwa kalamu, kisha uso wake ukafunguka. "Aa! Hili sasa. Hili ndilo. Jamani, sikilizeni mwanga huo. Sauti inafika, haisukumi. Hakuna mtu awezaye kuiga hiki kitu." Akasoma aya ya Halorani, ndefu kuliko zote, na mwisho akaongeza kwa kichwa: "Tisa na nusu. Na ile nusu naizuia kwa kanuni tu."

La tatu alilitaja Brenoli. La nne halikuwa limefika nusu alipoinua mkono kulisimamisha. "Inatosha. Hili nalijua hata nikiwa kaburini. Kabati. Sikilizeni jinsi linavyoziba. Mbili. Hapana, samahani, leo moja na nusu."

Kinyozi alikunjua kipande cha boksi. Midomo yake ilikuwa inatetemeka kabla hajafika mwisho. Hakusoma. Aliitoa pini na kuziachia shuka zianguke.

La kwanza lilikuwa Brenoli. La pili, lenye mwanga, lilikuwa la mjomba, na mlango wa kabati bado una tundu la ufunguo ubavuni. La tatu Tobermani. Na la nne, mbele ya Sista, miguu yake ya fedha ikimeremeta, lilikuwa Halorani yake mwenyewe, na stika ya jina lake juu.

Waliokaa nyuma walisimama waone. Kisha mtu mmoja alicheka. Alicheka kwa sauti ya chini, halafu ya juu, halafu akashika kiti cha mbele yake asianguke. Alikuwa dada yangu. Wengine wakamfuata, lakini hakuna aliyemfikia.

Shemeji alisimama. Karatasi zilimwanguka. "Hila!" alisema. "Yamechezewa! Fundi ameyachezea!"

Nilikuwa nimeingoja dakika hiyo kwa siku kumi na tisa, na sikutaka kuila haraka. Nilisogea mbele.

"Sikugusa uzi, shemeji. Sikugusa kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi. Sikugusa mbao. Nimepaka grisi pedali na magoti, basi. Kama mwanga wa Halorani unakaa kwenye wenzo usiolainishwa, niambie, nitawaletea watu kopo la kutu kila mmoja apate mwanga nyumbani kwake."

Walicheka tena, na safari hii walicheka kwa ajili yangu. Ni tamu, sitadanganya. Nikaendelea. Nikasema mtu anayefanya kazi kwenye vitu hivi kila siku ndiye anayevijua. Nikasema mimi la mjomba ningelitambua ndani ya mvua ya mawe. Hapo nilipaswa kunyamaza maneno manne mapema.

"Kweli?" Ilikuwa sauti ya Sista. Alikuwa bado amekaa nyuma ya Halorani, mikono mapajani. "Basi kaa kwenye hicho kiti."

"Mimi?"

"Umesema mvua ya mawe. Hapa hata manyunyu hakuna."

Nilikaa. Nilikuwa natabasamu. Kinyozi na mtu mwingine walishika shuka kwa mikono, dada akayachanganya magitaa, na Sista akapiga.

Siwezi kueleza vizuri kilichonipata. La kwanza nililisikia likiwa zuri. La pili lilikuwa zuri. Nilitafuta kitu cha kushika, kama mtu anayepapasa swichi kwenye chumba cha kigeni, na kila nilipopapasa nilikuta mkono wa Sista tu, ule uzito wake kwenye kipande cha chuma, ule utulivu wake kabla ya kupanda. La tatu likaja na nikasema moyoni, ndilo hili, la mjomba, hili nimelipangusa vumbi tangu nina miaka kumi na tisa. Nikalitaja kwa sauti. Mengine nikayakisia.

Shuka zikashuka. Nililoliita la mjomba lilikuwa Tobermani ya fundi cherehani wa mtaa wa pili. La mjomba nilikuwa nimeliita Halorani, kama shemeji. Nilipata moja kati ya manne, nalo kwa bahati.

Hakuna aliyecheka sana. Afadhali wangecheka.

Shemeji ndiye aliyekuwa na haki ya kusema neno, na nilimwona analitafuta, lakini Sista alimtangulia.

"Mmemaliza?" alituuliza sote wawili. "Wiki nne mnagombana juu ya hiki kitu. Mmoja anabandika karatasi, mwingine anaiba magitaa kwa mlango wa jikoni. Kuna hata mmoja wenu aliyeniuliza goti langu linaendeleaje?"

Nikamtazama. Shemeji naye akamtazama.

"Goti la kushoto," Sista alisema. "Nasimama wodini kwa muda wa saa kumi na mbili, nageuza wagonjwa wenye plasta, halafu nakuja hapa kusukuma wenzo wa mjomba wako ambao ni mgumu kama pampu ya baiskeli. Nikirudi nyumbani naweka barafu. Leo ndiyo mara ya kwanza nimepiga hili la shemeji yako baada ya kutiwa grisi." Aligusa Halorani kwa kidole kimoja. "Ni jepesi. Kama onyesho lipo, nataka hili. Sauti shauri yenu."

Nilitaka kumwambia kwamba ningeweza kulilegeza la mjomba, kazi ya mchana mmoja, angesema tu. Lakini nilikuwa nimelifungua mwezi uliopita mpaka fimbo ya mwisho, na sikuwa nimefikiria goti la mtu. Nilifikiria grisi.

Kilichotokea baada ya hapo sikukitegemea, ingawa mimi ninayemjua shemeji kwa miaka thelathini ningepaswa kukitegemea. Aliokota karatasi zake sakafuni, akazipanga kingo, akajinyoosha. Uso wake ulikuwa umerudi mahali pake.

"Nataka ieleweke," alisema, "kwamba masikio yangu hayakukosea. Yalitambua ubora. Nimesema tisa na nusu, na tisa na nusu iko palepale. Kilichokosewa ni jina." Akageuka kwa Sista. "Chukua Halorani, binti yangu, kwa onyesho na baada ya onyesho. Mimi nitalichukua hili lingine. Naona hapa hakuna aliyejua thamani yake."

Alisema hivyo akinitazama mimi!

Na kwa kuwa gitaa lilikuwa langu, ilibidi niulizwe, na kwa kuwa Sista alikuwa ananitazama na goti lake, nilikubali. Karatasi ya mlangoni kinyozi aliibandua mwenyewe. Ilikuwa karatasi nzuri nene, akaitumia kufutia povu.

Onyesho lilikwenda vizuri. Sista alipiga nyimbo tatu kwenye Halorani, na kwenye ile ya pili mzee mmoja wa safu ya mbele alitoa leso akaufunika uso mzima. Shemeji hakupangiwa kupiga. Alisimama karibu na mlango, akiwaeleza waliochelewa kwamba chombo kile si kibaya, ila kuna kingine.

Nilichukua siku kadhaa kabla ya kumwambia mjomba. Niliogopa kumvunja moyo. Nilimweleza kwa kuzungukazunguka, kwamba gitaa lake limekwenda kwa mtu aliyelidharau, na kwamba mpigaji bora mjini amelikataa kwa ajili ya la dukani.

"Kwa nini amelikataa?"

"Anasema ni gumu. Linamuumiza goti."

"Afadhali amesema mtu," mjomba alisema. "Mimi mwenyewe liliniua magoti. Nilikosea ule wenzo, nikaona aibu kulifungua upya." Akanitazama kwa jicho la pembeni. "Wewe umelishika miaka yote hiyo hukuona?"

Nimekuwa fundi tangu ujana wangu, na hilo lilinichoma kuliko kile kiti cha ukumbini.

Shemeji sasa ni bingwa wa chapa mpya. Anaiita "Mjomba," kwa sauti ileile aliyokuwa akiitia kwenye Halorani. Anasema Mjomba ina undani. Anasema kuna Mjomba za awali na Mjomba za baadaye, na kwamba yeye anazitofautisha kwa kusikia, ingawa duniani lipo moja tu. Mwezi uliopita alikwenda kwa mjomba na daftari, dada na mimi tukafuatana naye kwa sababu dada alisema hawezi kukosa jambo hilo. Mjomba alikuwa anakula. Shemeji alikaa mbele yake na kumweleza, kwa muda wa nusu saa, jinsi mjomba alivyolitengeneza gitaa lake mwenyewe.

"Na hapa mwishoni," shemeji alisema, "mbao umeipunguza kwa kusudi, ili sauti ipumue."

"Mbao ziliniishia," mjomba alisema.

Shemeji aliinamia daftari, akaandika, akarudia kwa sauti huku kalamu inakwenda: "Ufupi... wa... mbao."

Mjomba alitafuna, akameza, akanigeukia. "Huyu anaondoka saa ngapi?"

Dada alitoka nje haraka, nikamsikia barazani anakohoa kicheko. Mimi nilibaki nimekaa. Nilimwomba mjomba aniambie ule wenzo aliukosea wapi hasa, akasukuma sahani pembeni na kuanza kunichorea kwa kidole juu ya meza, mahali fimbo ilipopaswa kupita.